Kiti cha Hakimu Tazama-Huku

Katika mtaa wa mafundi, ambako nyundo zilijibizana kutwa nzima, hapakuwa na mtu asiyemjua Bi Lehemu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, vidole vimejaa makovu madogo ya moto. Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na mkasi wa bati, koleo na ulimi mkali. Alitengeneza ndoo, faneli, taa na mifereji ya mvua. Jina la utani alilipata kwa sababu ya lehemu, yale madini laini yanayoyeyushwa ili kuunga bati, na wenye midomo yao walisema kwamba Bi Lehemu anaweza kuunga kila kitu chini ya jua isipokuwa ndoa yake. Mwenyewe akisikia hucheka. "Ndoa ile haikuwa na tundu," husema, "ilikuwa na kutu. Kutu haiungwi."

Ila kicheko kilipungua tangu mdogo wake alipofungwa.

Mdogo wake alikuwa mlinzi wa ghala la pamba. Ghala likaungua, na yeye akashtakiwa kwamba ndiye aliyelichoma. Siku ya kesi Bi Lehemu alikaa benchi la tatu kutoka mbele. Alimwona mdogo wake akisimama kizimbani, midomo imevimba kwa moto ule ule aliojaribu kuuzima, na akamsikia kwa masikio yake mawili akisema, "Mheshimiwa, nilikuta moto ghalani."

Hakimu aliinama, akaandika. Kisha akasoma alichokiandika: "Mshtakiwa anasema, nilitia moto ghalani."

Watu waliinuka wakipiga kelele. Hakimu akagonga meza, akaamuru wenye fujo watolewe nje, na Bi Lehemu alikuwa wa kwanza kushikwa mkono na askari. Hukumu ikawa miaka kumi, kwa kukiri mwenyewe. Mwaka wa pili wa kifungo mama yao akafariki. Sasa ulikuwa unakwisha mwaka wa nne, na kwa miaka yote hiyo Bi Lehemu alikuwa na maelezo mamoja tu: hakimu yule alikula rushwa ya mwenye ghala.

Hakimu mwenyewe watu walimwita Tazama-Huku. Hakumruhusu mtu kusema huku ameinamisha uso au ameweka kiganja mdomoni. "Tazama huku usemapo!" alikuwa akifoka, na wazee kwa vijana walishika adabu. Ilisemekana anauona uongo midomoni kabla haujatoka.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimekaribia na mifereji imerundikana mlangoni, mama mmoja wa makamo aliingia karakanani. Alikuwa amevaa vizuri, na mkononi ameshika mwavuli mweusi.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Ndoo au mfereji?"

"Sikio."

Bi Lehemu akaacha kupiga nyundo. "Umesema?"

"Nataka unitengenezee sikio," mama yule akarudia bila kutabasamu. Akafungua mkoba, akatoa ukurasa uliochanwa kwenye kitabu kikuukuu. Ulikuwa na picha ya kiti kikubwa cha enzi. Mikono yake ilikuwa mitupu ndani, na ncha zake zimechongwa kama vinywa vilivyo wazi. "Zamani, kabla ya vidude vya umeme, wenye masikio mazito walitumia baragumu za kusikilizia. Waliona aibu, wakawa wanazificha. Wengine ndani ya kofia, wengine ndani ya fimbo, wengine ndani ya chombo cha maua mezani. Mfalme huyu aliificha ndani ya kiti. Mtu anasema hapa kwenye mkono, sauti inapita chini, inapanda mgongoni, inaingia sikioni."

"Na hivyo vya umeme?"

"Tulikiagiza kimoja. Kinapiga mluzi kama birika, na kila mtu anakiona. Mzee wangu hataki kionekane."

Bi Lehemu aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Maisha yake yote alikuwa akiyapitisha maji na moshi ndani ya bati. Sauti hakuwahi kuipitisha. Alihisi moyo ukimpiga kama alipokuwa msichana na baba yake akampa mkasi kwa mara ya kwanza. "Nitahitaji kumpima akiwa amekaa," alisema. "Urefu wa mgongo, mahali pa sikio."

"Njoo kesho. Na neno hili, Fundi, lisitoke humu."

Kesho yake alikwenda. Ilikuwa nyumba ya ukuta mweupe, baraza imefagiliwa, vitabu vimepangwa hadi darini. Mzee alikuwa amekaa sebuleni akisoma gazeti, mgongo kwa mlango. Mkewe hakumwita. Alizunguka hadi mbele yake, akagusa meza kwa vidole viwili, na mzee alipoinua macho akamwambia taratibu, kila neno akilipanua kama mtu anayemlisha mtoto: "Fundi amefika."

Mzee akageuka. "Karibu," alisema kwa sauti nzito aliyoijua Bi Lehemu kama anavyolijua jino linalomuuma. "Ukitaka kuniambia jambo, tazama huku."

Kamba ya kupimia ilimponyoka, na chuma cha ncha yake kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Hakimu hata hakupepesa macho.

Alimpima. Mikono ilifanya kazi yake yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Hakimu hakumtambua. Angemtambuaje? Siku ile alikuwa mdomo mmoja katika midomo mingi. Walipofika mlango wa jikoni, Bi Lehemu akamuuliza yule mama kwa sauti ya chini, "Ana muda gani hivi?"

"Mwaka wa saba. Ilianza homa, likafa sikio la kushoto, kisha la kulia likalifuata. Lililobaki ni sawa na tundu la sindano."

"Na kazini wanajua?"

"Wangejua angekuwa bado hakimu? Nilimfundisha mimi mwenyewe kusoma midomo, mbele ya kioo, kila asubuhi kabla hajatoka. Ni mwanafunzi mzuri." Alishusha macho. "Hukosea mara moja moja. Lakini sasa anakuja jaji mkaguzi kutoka Mahakama Kuu, atakaa naye siku nzima. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mara moja moja. Bi Lehemu alirudi karakanani na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Alitoa kipande cha kioo alichokitumia kuangalia lehemu ya sehemu zilizofichika, akakisimamisha juu ya meza. Akasema, "Nilikuta." Akasema, "Nilitia." Midomo ilitofautiana, si sana. Kisha akaibana kwa vidole, ikakaa imetuna bila kusogea kama midomo ya mtu aliyeungua, akayasema tena yote mawili. Kwenye kioo yalikuwa mapacha.

Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chuki aliyoitunza miaka minne ilikuwa na umbo, ilikuwa na sura ya mtu anayepokea bahasha. Sasa umbo lile lilimyeyukia mikononi, na hakujua alimimine wapi.

Jumapili alikwenda gerezani. Mdogo wake alikuja nyuma ya wavu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Bi Lehemu alimweleza yote bila kupumzika, pua imegusa wavu ili askari asisikie. Mdogo wake kwanza alicheka. Halafu akaanza kukwangua kutu ya wavu kwa ukucha.

"Kwa hiyo hakunichukia," alisema.

"Hakukusikia."

"Miaka minne, Dada, nimekuwa nikijiuliza nilimkosea nini mtu yule. Nimekumbuka kila neno nililosema. Nikawa nasema labda ni pale nilipochelewa kuinuka." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Kumbe nilikuwa nauambia ukuta."

"Mimi kiti sitengenezi. Abaki na ukiziwi wake. Nitalitangaza sokoni, kila mtu ajue."

"Utatangaza, na nani atakusadiki? Watasema dada wa mfungwa amepata wazimu. Na yeye ataendelea kukaa pale." Akausogeza uso hadi wavu ukamchora shavuni. "Kitengeneze, Dada. Kitengeneze sawasawa, asipate kisingizio. Kisha mwambie. Akishasikia, mwambie."

Basi akakitengeneza. Seremala jirani alichonga mbao bila kuuliza maswali, na Bi Lehemu akakata bati jipya jembamba. Vinywa vya mikono alivifanya vipana kama maua ya boga, akavifunika kwa wavu wa shaba ili vionekane ni pambo tu. Mabomba mawili yalipita chini ya kikalio, yakakutana katika kisanduku, yakapanda mgongoni kama bomba moja, na mwisho wake ukawa mrija mfupi wa mpira wenye ncha ya pembe uliojificha kwenye mto wa kichwa.

Mara ya kwanza alipomwambia seremala aseme, alisikia ngurumo, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Alifumua kila kitu. Akagundua kwamba sauti ni kama maji, haipendi kona kali, akajaza mchanga wa moto ndani ya mabomba, akazipinda kona polepole. Akagundua pia kwamba bati lenyewe lina kiherehere, linataka kuimba kila linaposemeshwa, akalivisha blanketi kuukuu nje mpaka likatulia. Wiki ya tano seremala alisimama kwenye mkono wa kiti, akanong'ona kwamba Bi Lehemu ni mkaidi kuliko mbuzi wa mjane, na Bi Lehemu, akiwa amekaa amefumba macho, akamjibu, "Na wewe unanuka gundi." Wakajua kimefaulu.

Kiti kilipelekwa nyumbani kwa Hakimu mchana, kimefunikwa shuka. Mkewe alifunga madirisha. Hakimu akakaa, akaingiza ncha ya pembe sikioni.

"Sema chochote," alimwamuru Bi Lehemu. "Usinitazame. Nataka nisikie, nisione."

Bi Lehemu alipiga magoti kando ya kiti, uso ameuelekeza sakafuni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yale. Akainama kwenye wavu wa shaba.

"Nilikuta moto ghalani."

Uso wa Hakimu ulifunguka. Miaka saba iliondoka juu yake. "Nilikuta moto ghalani!" alirudia kwa shangwe. "Mama, nimesikia! Nimesikia hata ile *ku*! Tena, Fundi, sema tena!"

"Nilitia moto ghalani."

"Nilitia moto ghalani. Ya kwanza *kuta*, ya pili *tia*. Safi kabisa, kama maji! Tena!"

"Nilikuta moto ghalani," alisema Bi Lehemu. 

Hakimu alifungua kinywa ili arudie, na neno halikutoka. Mkono wake uliganda sikioni, umeshika mpira. Mkewe pale dirishani alikuwa tayari amejishika kifua. 

"Wewe ni nani?" aliuliza Hakimu.

"Ni dada yake yule mlinzi."

"Alisema lipi?"

"Alisema alikuta, Mheshimiwa. Kila mtu mle ndani alisikia, isipokuwa mmoja."

"Mbona hamkusema?"

"Tulisema. Tulipiga kelele mpaka ukaamuru tutolewe."

Hakimu alitikisa kichwa polepole. "Niliona midomo," alisema. "Ilikuwa mingi, yote kwa pamoja. Nilidhani mnanitukana." Akautoa mpira sikioni, akaulaza juu ya paja lake, akauangalia kama mtu anayeangalia mkono wake uliokatika. "Nenda," alisema. Hakufoka.

Mkewe alimsindikiza Bi Lehemu hadi langoni. "Nilikuwa namlinda," alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Nilidhani namlinda yeye peke yake, na hakuna anayeumia."

 Bi Lehemu alimpa pole, akaondoka.

Zikapita wiki tatu. Hakuna barua wala mjumbe. Bi Lehemu alianza kujilaumu. Alijiona amechokoza nyoka aliye shimoni, na mdogo wake ndiye atakayeumwa. Alikata bati vibaya, akajiunguza mara mbili. Seremala alimshauri apumzike, naye akamwambia anyamaze.

Siku ya ukaguzi alifunga karakana, akaenda mahakamani, akakaa benchi la tatu. Kiti kilikuwa pale mbele, kimesuguliwa kinang'aa, kila mtu akikisifu. Jaji mkaguzi alikaa kando ya kiti hicho, mtu mnene mwenye miwani minene. Hakimu aliingia, lakini hakukaa. Alisimama na karatasi mkononi.

"Kabla ya kesi yoyote," alisoma, "natoa ushahidi wangu mwenyewe. Mimi ni kiziwi. Kwa miaka saba sijamsikia shahidi hata mmoja barabara. Nimehukumu kwa kubahatisha midomo, nikaita kubahatisha huko sheria. Niliogopa kuitwa kiziwi, nikakubali kuwa dhalimu. Naomba kila hukumu niliyoitoa tangu hapo ifunguliwe upya."

 Kisha watu wakalipuka. Jaji mkaguzi alikuwa amesimama, uso umemwiva, akiagiza mahakama ifungwe. Lakini Hakimu alikuwa ameshakaa, ameingiza ncha ya pembe sikioni, na ameufungua mkono kuelekea kwenye kinywa cha kiti. "Njooni," alisema. "Mmoja mmoja. Nitasikia."

Askari walitazamana. Bibi mmoja aliyejikongoja kwa mkongojo alikuwa wa kwanza. Aliinama kwenye wavu wa shaba, akasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, na Hakimu akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake akaja mwanamume mwenye ovaroli ya gereji, halafu mke na mume walioshikana mikono, na kabla jaji mkaguzi hajapata mtu wa kutii amri yake, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mwingine alilia. Mwingine alitukana mpaka mate yakaruka. Hakimu alipokea yote bila kuutoa mpira. Bi Lehemu hakupanga foleni. Lake alikuwa ameshalisema.

Mambo ya sheria huenda mwendo wa kobe. Mafaili arobaini na moja ya wale waliokuwa bado kifungoni yalipelekwa Mahakama Kuu, na miezi minane ikapita. Hakimu aliachishwa kazi. Kuna waliotupa mawe langoni kwake, na kuna waliomwamkia kwa heshima kuliko zamani, na yeye hakusikia matusi wala salamu. Miongoni mwa waliofunguliwa walikuwemo walioonewa, na alikuwemo pia mwizi wa kweli, ambaye hakumaliza mwezi kabla ya kuvunja duka la seremala na kuondoka na randa zake zote. Seremala alisimama kwenye mlango wa Bi Lehemu, mikono kiunoni.

"Umeunga hapa, umetoboa kule," alisema.

 Siku hiyo Bi Lehemu alimsaidia kutengeneza kitasa kipya.

Mdogo wake alitoka asubuhi yenye manyunyu, amebeba mfuko mmoja. Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alitaka kuliona kaburi la mama. Walisimama pale, maji yakiwachuruzika usoni, naye akaling'oa gugu moja, akaling'oa na la pili, kisha akauliza bila kugeuka:

"Aliamini kwamba nilikiri?"

Miaka yote ile Bi Lehemu aliliogopa swali hilo. Mama hakuweza kwenda mahakamani, miguu ilikuwa imemkataa. Alichokipata ni karatasi ya hukumu, aliyosomewa na jirani. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kuna siku aliamini," alisema, "na kuna siku hakuamini. Siku alizoamini alikuwa anasema, hata kama ni yeye, bado ni mwanangu. Siku za mwisho hakuwa anaongea, kwa hiyo sijui alikwenda na lipi."

Mdogo wake alichuchumaa. Mabega yake yalitikisika kwa muda, na Bi Lehemu aliweka mkono juu yake mpaka yakatulia.

"Asante, Dada," alisema hatimaye. "Ungeniambia uongo ningeujua."

Maghala yote yalimkataa. Barua ya Mahakama Kuu ilisema hana hatia, lakini wenye mali walisema mtu wa moto ni mtu wa moto. Alikaa miezi miwili akipasha koleo na kufagia vipande vya bati. Kisha kikosi cha waezekaji kikamchukua, kazi ya juu kwenye mapaa, ambako mtu hahojiwi sana. Siku ya kwanza aliondoka kabla chai haijachemka, na Bi Lehemu akabaki na vikombe viwili mezani, akamimina kimoja, akaenda kufungua karakana.